Mguu Niliomficha Mama

Wiki iliyopita nilikuwa saluni hapa Kasulu, kichwa nusu kimesukwa, nusu bado nywele zimesimama. Ukutani kuna televisheni, na chini yake watoto wa msusi wamekaa kwenye mkeka wanaangalia katuni. Mimi sina ugomvi na katuni. Lakini ikafika pale mama wa stelingi anapogonga mlango, na mtoto anasukumia chini ya kitanda kitu kinachong'aa, anajifuta jasho, halafu anajibu kwa sauti ya upole kabisa, "Hamna kitu, mama." Watoto wakacheka. Wakati huohuo msusi alikuwa anawamwagia siafu mafuta ya taa pale mlangoni, harufu ikanipanda puani, na mimi nikainuka na kichwa changu nusu nikaenda kutapika nyuma ya saluni.

Msusi akanifuata na kipande cha limau. Akasema, "Hongera, dada. Wa ngapi huyo?" Nikamwambia sio mimba, ni katuni. Alirudi ndani, na nusu ya kichwa iliyobaki aliisuka polepole na kwa tahadhari, vile watu wanavyomhudumia mtu wasiyemwelewa.

Ndivyo nilivyo, sitabadilika. Stelingi wa katuni anayemficha mama yake mambo ananitia kinyaa, kinyaa cha kweli, kile cha mate kujaa mdomoni. Na wako wengi, kila ukiwasha unakutana naye. Mmoja anaruka juu ya mapaa ya watu, asubuhi anakunywa uji na baba yake kana kwamba alikuwa amelala. Mwingine amefuga dude chumbani, linakula, linakunya, mama yuko jikoni anaimba. Wazazi wao wamechorwa mazuzu: hawaoni, hawasikii, hawanusi. Hilo la kutonusa ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana mama yangu alinusa.

Nilikulia Kibondo. Baba alikuwa anafanya biashara ya maharage, kwa hiyo nusu ya maisha yake ilikuwa barabarani, leo Makere, kesho Kasanda, keshokutwa hatujui. Nyumbani alikuwepo mama, na mama alikuwa mtu wa Ujiji. Hakuna aliyeruhusiwa kulisahau hilo. Ujiji, kwa maneno yake, kulikuwa na watu waliostaarabika, waliojua kuoga na kufukiza ubani. Kibondo alipaona ni udongo mwekundu uliotengenezewa barabara. Aliupiga vita udongo ule tangu anapoamka hadi anapolala. Nyumba yetu ilikuwa na sakafu ya saruji, na aliisugua mpaka ukiinama unaiona pua yako. Ndala za ndani zilikuwa na mahali pake, ndala za nje zilikuwa na mahali pake, na ole wako uzichanganye.

Jirani yetu alikuwa Mama Jenerose. Wazazi wake walikimbia kutoka Burundi, yeye akakulia hapahapa, akaolewa hapahapa, akawa analima mihogo na kuuza unga sokoni. Binti yake, Jenerose, nilisoma naye darasa moja. Ua wao ulikuwa wa udongo mtupu uliofagiliwa, na kuku, na watoto wengi waliokwenda peku. Mama alinikataza kuingia mle. Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayekukataza kushika sufuria ya moto. "Wana funza wale," alisema. "Funza ni ugonjwa wa watu wachafu." Kisha ananiangalia miguu, anaridhika, anaendelea na kazi zake.

Basi nikawa nawachungulia kwenye uzio wa matete. Kila Jumapili asubuhi, kabla hawajaenda kanisani, Mama Jenerose alikaa juu ya kinu alichokipindua, pembeni yake moto mdogo, na watoto wamejipanga mbele yake. Mgongo wake ulinizibia, sikuona alichokuwa akifanya. Nilichosikia ni mlio mdogo, paa, halafu kicheko, halafu paa nyingine. Nikajua wanakaanga bisi. Nilizitamani bisi zile, jamani. Nilikuwa nasimama pale uzioni nameza mate, najiuliza kwa nini kwetu tunakula mkate na samli Jumapili wakati wenzetu wanakula bisi za moto. Naomba hilo mlikumbuke, maana mimi nimejaribu kulisahau nimeshindwa.

Kitu cha pili nilichokatazwa kilikuwa banda la video. Wenzangu wa rika langu hamhitaji kuelezwa, lakini la kwetu lilikuwa na historia yake. Lilikuwa zizi la mbuzi nyuma ya soko. Mwenye mbuzi alihama, akaja kijana mmoja mrefu, akazungushia turubai, akaweka mabenchi nyuma kwa ajili ya wakubwa, mbele akaacha ardhi kwa ajili ya watoto. Akaleta televisheni ya chogo na jenereta. Tukamwita Anko Mkanda. Mbuzi walikuwa wameondoka, ila vumbi lao lilibaki, laini, la vuguvugu, lenye harufu ya mkojo, na mle ndimo tulimokaa tumekunja magoti.

Anko Mkanda alikuwa na utaratibu wake. Unapoingia unavua ndala, anazitunga kwenye waya pamoja na za wenzako, anazitundika juu ya mlango. Alisema tusimchafulie ukumbi. Zizi la mbuzi, eti tusilichafue! Ukweli wake ulikuwa kwamba mtoto asiye na ndala hawezi kuchomoka chini ya turubai ukifika wakati wa kulipia mkanda wa pili, na aliyepenya bila kulipa anajulikana kwa kuwa waya hauna ndala zake. Mjanja, sikatai. Kwa hiyo miguu mitupu ya watoto wa Kibondo nzima, wa soko na wa maofisa, ilizama kwenye vumbi lile kila Jumamosi. Mimi nilikuwa natoka nyumbani nikiwa nimejifunga mtandio, juzuu mkononi, mama anajua nakwenda madrasa. Nilikuwa nakwenda kweli, ila nikitoka nilipitia bandani kabla ya kurudi.

Katuni aliyokuwa anaionyesha sana ilizungumza lugha ambayo hakuna mle ndani aliyeijua. Anko Mkanda naye hakuijua, lakini hilo halikumzuia kutafsiri. Alisimama pembeni na kipaza sauti, akazima sauti ya mkanda, akaanza kusema yeye. Stelingi alimpa jina la Chande. Chande alikuwa mtoto kama sisi, amekanyaga jiwe lililoanguka kutoka mbinguni shambani kwa baba yake, na chini ya mguu ukaota uvimbe mdogo mweupe, wa mviringo, wenye nukta nyeusi katikati. Uvimbe ukimwasha, anajua adui yuko karibu. Ukimwasha sana, anapaa. Nyumbani havui viatu. Mama yake anamwambia, mwanangu njoo uoshe miguu, yeye anasema nimeshaosha. Mama anauliza mbona unachechemea, anasema nimejikwaa mpirani.

"Na kwa nini hasemi?" Anko Mkanda aliuliza kwa ile sauti yake nzito, nasi tukajibu kwa pamoja, maana tulishafundishwa, "Nguvu zitayeyuka!"

"Mama akiona?"

"Zinayeyuka!"

"Kwa hiyo stelingi akifika nyumbani anasemaje?"

"Hamna kitu, mama!"

Leo najua kwamba Chande hakuwa anasema hivyo, au labda alisema, sijui na sijali. Ninalojua ni kwamba Anko Mkanda, mtu mzima, alikuwa anajilinda. Hakutaka mama yeyote ajue mwanawe anashinda mle, akawatumia watoto wafunge midomo yao wenyewe, na akawafanya waone ni ushujaa. Nikilifikiria hilo, mate yananijaa tena.

Mguu wangu wa kushoto ulianza kuwasha nikiwa darasani. Ni mwasho mtamu kidogo, wenye kuudhi kidogo, pembeni ya kidole kidogo. Sikuutilia maanani. Baada ya siku chache nikavua soksi chooni, nikaangalia, nikaona uvimbe mdogo mweupe, wa mviringo, na nukta nyeusi katikati. Niliushika ukuta. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, hata siku niliyoolewa. Katika watoto wote wa Kibondo, mimi, Rukia binti wa mtu wa maharage, nilikuwa nimechaguliwa.

Msinicheke. Nilifikiri kwa akili zangu zote. Mama alisema funza ni wa watu wachafu. Mimi nilikuwa msafi, naoga kwa sabuni ya kunukia, nakaa nyumba ya saruji. Kwa hiyo kile kilichokuwa mguuni mwangu hakikuwa funza. Hesabu ilikuwa imekamilika, na aliyenifundisha ni mama mwenyewe. Wala sikuwa nimewahi kumwona funza kwa macho, kwa sababu hatukuruhusiwa kukaa mahali anapoonekana.

Nikaanza kuishi kama Chande. Nilikuwa naoga mwenyewe, hivyo hilo halikunipa shida. Nilivaa soksi asubuhi, nikavaa soksi usiku, nikaswali na soksi. Mama akaliona hilo la kuswali na soksi akafurahi, akamsimulia mama yake mdogo aliyekuja kututembelea kwamba mtoto ameshaanza kujua heshima ya mswala. Uvimbe ukaongezeka ukubwa. Ukaja wa pili, ukaja wa tatu, vikabanana kwenye kidole kidogo na kukirukia cha jirani yake. Nguvu zinaongezeka, nikasema. Siku moja mwasho ulikuwa mkali mno, nikaenda stoo ya baba, nikapanda juu ya magunia ya maharage, nikanyoosha mikono, nikaruka. Nilifika chini sawa na vitu vyote vingine vinavyofika chini. Nilitua kwa mguu uleule, na ndani ya soksi kitu kikapasuka, kikalowa.

Kuanzia hapo mambo yakaharibika. Kidole kiliniuma badala ya kuwasha. Kikavimba, kikabadilika rangi, kikaanza kutoa majimaji yanayogandisha soksi, na kila nikiivua inatoka na kipande changu. Nikawa naosha soksi mwenyewe kwa siri na kuzianika nyuma ya choo. Na ikaja harufu. Kwanza niliinusa mimi peke yangu shuleni, nikainamisha kichwa na kushangaa nguvu gani hizi zinanuka. Kisha mama akasimama katikati ya sebule na ufagio mkononi, pua juu.

"Kuna panya kafia humu," akasema.

Akamtafuta panya yule. Alitoa magodoro nje, akasogeza makabati, akamwaga maji ya moto na dawa kila pembe, akapanda juu ya meza kuchungulia darini. Mimi nilikaa kitini nimeweka mguu chini ya mguu mwenzake. Akawa anapita, anarudi, ananusa, ananusa, anafika karibu yangu, anasema, "Hapa ndipo inapozidi," kisha anainama kuangalia chini ya kiti changu. Uso wake ulikuwa umekaribia kabisa magoti yangu. Akaniuliza, "Rukia, wewe husikii harufu?"

"Hamna kitu, mama," nikasema.

Kichefuchefu kilichonipata saluni kilikuwa cha maneno hayo.

Aliyenigundua ni Jenerose. Tulikuwa tunatoka shule, akanitazama ninavyotembea, akasema bila kuficha, "We Rukia, unatembelea kisigino. Una imvunja." Hivyo ndivyo kwao wanavyoita funza.

Nikamwambia sina, funza ni wa watu wachafu.

Hakukasirika. "Basi mi mchafu," akasema. "Nilitolewa wawili juzi. Njoo Jumapili mama akutoe, si kitu."

Sasa mimi, kwa homa iliyokuwa inanipanda na kwa kiburi, nikamweleza siri. Nikamwambia juu ya Chande, juu ya nguvu, nikavua kiatu nikamwonyesha, nikamtaka aape kwa Mungu wake kwamba hatasema. Jenerose akaangalia. Akakunja pua. Akaapa. Kisha akaenda moja kwa moja kwao akamwambia mama yake, hata sare hajavua. Kwa muda mrefu nilimwita msaliti. Leo nikiulizwa nimtaje shujaa mmoja niliyemfahamu utotoni, namtaja yeye.

Jua halijashuka Mama Jenerose akapiga hodi. Mama akamkaribisha barazani, akamkaribisha kwa mdomo tu, kigoda hakutoa.

"Mama Rukia, unisamehe," alisema Mama Jenerose. Kiswahili chake kilikuwa na ile mikokoto ya kwao. "Huyu mtoto ana funza. Amekaa nao siku nyingi."

Mama alicheka. Kicheko cha adabu, cha kumwepusha mgeni na aibu. "Jirani, labda umekosea nyumba. Wanangu wanavaa viatu."

"Ndiyo, wanavaa. Hebu avue."

"Rukia, vua viatu jirani aone."

Sikuvua. Mama akarudia kuniambia, safari hii hakucheka. Nikasema nguvu zitayeyuka. Hakuna aliyenielewa. Mama akaninyanyua mguu yeye mwenyewe, akavuta kiatu, akavuta soksi, na soksi ikaja na ngozi.

Nimeshasema nakumbuka vitu ambavyo ningependa kuvisahau. Kidole kilikuwa cheusi. Pembeni yake vimejaa vile vivimbe, vingine vimepasuka, vingine vimebinuka na kuonyesha mayai meupe ndani, madogo kuliko mbegu za ufuta. Harufu ikatoka ikajaa baraza. Mama yangu, aliyekuwa amemtafuta panya nyumba nzima, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Akaziba pua kwa ncha ya khanga. Kisha akageuza uso akatema mate. Mimi sikuwa naangalia mguu, nilikuwa namwangalia yeye. Mtoto akishaona mama yake anamtemea mate pembeni kwa kinyaa, kuna kitu kinakauka ndani yake, na kukirudishia maji ni kazi.

Mama Jenerose hakuziba pua. Alikaa chini kwenye saruji, akaweka mguu wangu juu ya kitenge chake, mapajani. "Yoo, mwana wanje," akasema, mwanangu wee. Akachomoa pini kwenye kilemba, akaomba jiko la mkaa liletwe, akaipitisha pini motoni. Akaanza na vile vya pembeni. Alichokonoa taratibu kuzunguka nukta nyeusi, akabinya kidogo, uvimbe ukatoka mzima na mayai yake, mweupe, likabaki shimo la duara mguuni. Akautupa kwenye makaa.

Paa.

Nikazitambua bisi zangu. Zile nilizokuwa nazimezea mate Jumapili kwa Jumapili pale uzioni. Nilitapika hapohapo juu ya saruji ya mama, naye kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe hakusema neno juu ya sakafu. Mama Jenerose akaendelea. Alipomaliza akadondoshea mafuta ya taa kwenye kila shimo, nami nikapiga kelele zilizosikika sokoni. Akafika kwenye kidole kidogo, akakigusa, akaacha.

"Hiki sio cha pini," alimwambia mama. "Hiki ni cha daktari, na ni sasa hivi."

Hospitalini wakakikata. Walisema tungechelewa kidogo tu, ungeondoka mguu, na pengine na mwenye mguu. Mama alikesha kwenye benchi. Wanawake wa wodini walipomuuliza mtoto ana nini, alisema nimejikata na jembe. Mimi nilimsikia. Niliona ajabu, maana nilikuwa sijawahi kushika jembe. Alimwambia hivyo muuguzi pia, na muuguzi alimtazama tu akaendelea kufunga kidonda, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa ametoa funza wengine waliosalia.

Siku ya tatu au ya nne, homa imeshashuka, mama akanikalia kitandani. Akanishika mguu juu ya bendeji, sehemu ile ambayo haikuwa na kitu tena. Akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa nini hukuniambia mama yako?"

"Chande hakumwambia mama yake."

"Chande ni mtoto wa nani?"

"Wa kule bandani."

Mama akakunja uso. Alidhani ni mtoto wa mtu. Akaniuliza kwao ni wapi, baba yake anafanya kazi gani, anasali msikiti upi. Ikabidi nimweleze yote, vumbi, ndala kwenye waya, jiwe la mbinguni, na yale majibu tuliyokuwa tunayaimba. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea kofi. Akauliza kitu kimoja tu, "Mle ndani mnakaa watoto wangapi?"

Nikamwambia tunajaa.

Jumamosi iliyofuata ndiyo nilitoka hospitali. Badala ya kunipeleka nyumbani, mama alipitia kwa Mama Jenerose. Safari hii yeye ndiye aliyepiga hodi, akaingia hadi ndani ya ua, na ndala zake za nje zikakanyaga udongo wa watu. Sikusikia walichoongea. Mama Jenerose akanipandisha mgongoni, akanifunga kwa kitenge kama mtoto mchanga ingawa miguu yangu ilikuwa inaning'inia, na tukaenda sokoni watatu. Jenerose akatufuata nyuma na makaa kwenye kopo.

Tulisikia sauti ya Anko Mkanda kabla hatujafika. "Mama akiona?" Na watoto wakajibu. Mama alisimama nje akasikiliza hilo mara moja. Kisha akashika turubai kwa mikono miwili, akalivuta kutoka kwenye misumari, upande mzima ukaanguka. Jua la mchana likaingia bandani. Kwenye televisheni Chande akapotea kabisa, kikabaki kioo cha kijivu.

"Wee mama, unaniharibia biashara," alisema Anko Mkanda. Nikamtazama miguuni. Alikuwa amevaa mabuti ya mpira, yamemfika magotini, na suruali ameichomekea ndani. Juani kule, katikati ya kiangazi. Mwanamume yule alijua kilichomo kwenye vumbi lake tangu siku ya kwanza.

Mama akampita. Aliwageukia watoto. Walikuwa wamekunja macho kwa mwanga, mavumbi yamewafika magotini. "Nyanyueni miguu," akasema. Waliangaliana. Akasema tena, kwa sauti ya Ujiji ile, "Nyanyueni miguu wote."

Ikanyanyuka. Miguu ya watoto wa soko, ya watoto wa maofisa, mtoto wa mwalimu wangu, mtoto wa mwenye duka la dawa, mabinti wa madrasa yetu walioniaga kwamba wanakwenda nyumbani. Nyayo zimetazama juu, na kwenye nyayo, na kwenye visigino, na kwenye vidole, vivimbe vyeupe vya mviringo vyenye nukta nyeusi, vimepangana. Nilikuwa nachungulia juu ya bega la Mama Jenerose. Nikaona wanavyofichana, kila mmoja anafunika mguu wake kwa mkono mwenzake asione, na kila mmoja usoni ana ile fahari niliyokuwa nayo mimi chooni. Wote walichaguliwa. Nikaweka paji langu kwenye mgongo wa yule mama nisiwaone.

Nilipoinua kichwa, mama yangu alikuwa amekaa chini. Amekaa kwenye vumbi lile, na gauni lake la kutokea, miguu ameinyoosha mbele. Mama Jenerose alikuwa amempa pini na anamwelekeza kwa kidole, zungusha hapa, usiitumbue, bonyeza taratibu. Mama alikuwa anameza mate, lakini pua hakuziba. Mguu wa kwanza aliouchukua ulikuwa wa mtoto wa mwalimu, mvulana mnene, msafi, mwenye kola nyeupe. Mvulana akamwinamia mama sikioni, akamnong'oneza, ila sote tulisikia.

"Mama Rukia, usimwambie mama."

Mama akaacha pini. Watu wa sokoni walikuwa wameshajaa pale turubai lilipoangukia, wauza dagaa, wateja wa baba, wanawake aliokuwa anawapita bila salamu. Akawatazama, akamtazama mvulana.

"Nitamwambia," alisema, na hakunong'ona. "Nitamwambia kwamba hata wangu alikuwa na funza. Walikuwa ndani ya nyumba yangu nikawa natafuta panya. Wamemkata kidole."

Kisha akaurudisha mguu wa yule mtoto mapajani, akaufuta vumbi kwa gauni lake, akavitenganisha vidole kimoja kimoja kuviangalia. Vilikuwa bado vyote.